Usonji wa mtoto: njia za msaada kwenye mizani moja

Siku daktari anapolitamka neno usonji, mzazi hurudi nyumbani na karatasi moja na ushauri wa watu watano. Mmoja anasema anza na tiba ya usemi. Mwingine anasema tiba ya tabia, tena kwa saa nyingi kila wiki. Wa tatu anamjua mtu aliyemwachisha mwanawe ngano na maziwa "akapona kabisa". Wa nne anataja shule maalumu. Wa tano, kwa kawaida shangazi au babu, anasema mwacheni, atasema tu, hata baba yake alichelewa. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mzazi anabaki katikati akiwa na muda mchache na usingizi mchache zaidi, na mtoto mwenyewe yuko dirishani anafungua na kufunga pazia kwa mara ya arobaini.

Nilisimama hapo katikati mwanangu alipokuwa na miaka mitatu, nikachagua vibaya mara mbili kabla ya kupatia. Makosa hayo nitayataja yatakapofika mahali pake. Yalinifundisha kupima kila njia kwa maswali mawili tu. Je, itamwezesha mtoto kueleweka zaidi ya jana, kwa mdomo, kwa mkono, kwa picha au kwa vyovyote vile? Na je, nyumba yetu inaweza kuibeba mwaka mzima? Swali la pili watu hulidharau, ilhali tiba nyingi nzuri huishia hapo.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Usonji ni namna ya ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema sana, mtoto akiwa bado tumboni. Huonekana katika mawasiliano na watu, katika kurudiarudia mambo, na katika hisi zinazoipokea dunia kwa kipimo tofauti: kelele ya kawaida ikawa kali mno, au maumivu yakapita kama hayapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Hausababishwi na malezi, na ukweli huo ulihitaji kupiganiwa. Baada ya daktari wa akili Leo Kanner kueleza watoto 11 wenye hali hii mwaka 1943, akina mama waliambiwa kwa miongo miwili kwamba ubaridi wao ndio uliomfungia mtoto ndani ya nafsi yake. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, aliishambulia hoja hiyo na ikaanza kubomoka. Chanjo nazo hazihusiki. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 iliyozua hofu hiyo ilisimama juu ya watoto 12, na jarida lililoichapisha likaifuta mwaka 2010. Nchini Denmark watafiti waliwafuatilia watoto 657,461 na hawakuona usonji zaidi kwa waliochanjwa surua kuliko wasiochanjwa.

Nayasema haya mapema kwa sababu mzazi anayejilaumu huchagua njia ya kulipia dhambi, na njia hiyo huwa ndiyo ya gharama na ya kuumiza kuliko zote.

Kusubiri au kuanza

Mtoto aliyechelewa kusema tu, mtoto asiyesikia na mtoto mwenye usonji wanaweza kufanana kwa mbali. Ukiwakaribia wanatofautiana. Aliyechelewa kusema hutafuta njia nyingine: ataonyesha ndege angani kwa kidole, kisha atageuka akutazame usoni kuona kama nawe umeiona. Huko kugeuka ndiko kwa kuangaliwa. Mtoto mwenye usonji huenda asionyeshe kwa kidole kabisa; akitaka maji atakushika mkono na kuupeleka kwenye bomba kana kwamba mkono wako ni kifaa. Asiyesikia hataitika jina, lakini uso wako ataufuatilia kwa makini. Hata hivyo usikisie. Kila mtoto asiyesema au asiyeitika apimwe masikio kwanza, hata kama anakimbilia mlio wa karatasi ya biskuti kutoka chumba cha tatu.

Kuna dodoso la maswali 20 liitwalo M-CHAT, la watoto wa miezi 16 hadi 30. Halitoi jibu la mwisho. Linasema tu kama kuna haja ya kwenda mbele. Wasichana hupitwa zaidi, kwa kuwa wengi wao huiga wenzao vizuri na husifiwa kuwa wapole. Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakapotea asisubirishwe hata kidogo.

Hesabu yangu ni hii. Ukisubiri mwaka na ikawa ni usonji, umepoteza mwaka. Ukianza leo kuketi chini naye, kumfuata anachokipenda na kutaja vitu kwa maneno mafupi, halafu ikawa si usonji, umepoteza nini? Mtoto aliyechelewa kusema naye hufaidika na mambo hayohayo. Anza kabla ya karatasi ya daktari.

Mezani au sakafuni

Hapa ndipo wazazi hugawanyika, na kwa sababu nzito.

Tiba ya tabia ya mtindo wa zamani hufanyika mezani. Mtoto yuko kitini, mtaalamu yuko mbele yake: gusa pua, vizuri, chukua zawadi, gusa pua tena. Aliyeipa jina kubwa ni mwanasaikolojia O. Ivar Lovaas wa Los Angeles, ambaye mwaka 1987 alitangaza kwamba watoto 9 kati ya 19 waliopata saa 40 kwa wiki kwa miaka miwili au zaidi waliingia darasa la kawaida na kufikia alama za kawaida za akili. Tangazo hilo lilizunguka dunia. Kilichozunguka kwa uchache ni kwamba watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na kwamba kofi la pajani lilikuwa sehemu ya mbinu. Miaka ya 1960 alikuwa ametumia hata mshtuko wa umeme. Wataalamu wengi wa leo wameacha adhabu, lakini watu wazima wenye usonji waliopitia meza hizo wanaendelea kutuambia jambo moja: tulifundishwa kujificha. Tulia, nitazame machoni, weka mikono chini. Walijifunza, na walichoka sana.

Tiba ya sakafuni huanzia kwenye mchezo alioushika mtoto. Akizungusha magurudumu ya gari, mtaalamu naye anazungusha, anasimama ghafla, anangoja. Mtoto akitazama, akinyoosha mkono au akitoa sauti, gurudumu linaendelea. Mfano unaojulikana ni ule wa Sally Rogers na Geraldine Dawson, uitwao Early Start Denver Model, wa watoto wa miezi 12 hadi 48. Mwaka 2010 jaribio la watoto 48 lilionyesha wakipiga hatua kubwa katika lugha na akili. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2019, la watoto 118, liliunga mkono sehemu ya matokeo ya lugha lakini si yale ya akili. Kwa hiyo anayekuuzia sakafu kama muujiza naye mpunguzie.

Meza ina faida yake: inapimika, na kwa ujuzi mmoja ulio wazi, kama kutumia choo au kusimama kando ya barabara, inafika haraka. Udhaifu wake ni kwamba neno lililojifunzwa mezani hubaki mezani. Sakafu hutoa ujuzi unaosafiri, ila wataalamu wake ni wachache na macho ya ndugu huona "wanacheza tu".

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Nilichagua meza, saa 30 kwa wiki, kwa kuwa wingi wa saa ulinipa hisia kwamba nimefanya jambo. Baada ya miezi minne mwanangu aligusa pua kwa amri bila kukosea. Jioni alisimama mlangoni akilia, hawezi kutuambia kwamba anataka kutoka nje.

Sasa nikiulizwa, nasema: chini ya miaka mitano chagua sakafu, na meza itumie kwa ujuzi mmojammoja na kwa vipindi vifupi. Saa 40 ni ajira ya mtu mzima. Kabla ya kumkabidhi mtoto kwa yeyote, kaa nusu saa uangalie. Mtoto akisema hapana kwa njia yake, inasikika? Akilia, mtaalamu anatafuta sababu au anahesabu dakika? Lengo lililoandikwa ni "atulie" au ni "aombe msaada"? Ukiambiwa mzazi haruhusiwi chumbani, ondoka na mwanao siku hiyohiyo. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini methali haikusema umvunje. Kumshika kidevu ili akutazame machoni hakumfundishi chochote. Watoto wengi wenye usonji husikia vizuri zaidi wakitazama pembeni.

Usemi kwanza au tiba kazi kwanza

Sehemu hii ni fupi. Tatizo linalovuruga siku likiwa ni kwamba mtoto hawezi kuomba, kukataa wala kueleza, anza na tiba ya usemi na lugha. Likiwa ni kwamba hataki kula, hapati usingizi, havumilii nguo mwilini au hawezi kukaa chumba chenye watu, anza na tiba kazi, yaani tiba ya kumsaidia kuumudu mwili, hisi na shughuli za kila siku, kwa sababu mwili usiotulia haujifunzi maneno. Huhitaji vyote viwili wiki hiyohiyo.

Mtaalamu wa tiba kazi atakusaidia pia kutenganisha mambo mawili ambayo wapita njia huyachanganya: deko na kuzidiwa. Mtoto anayedeka hugaragara huku akichungulia kama unamwona, na akipewa alichotaka huwa yamekwisha. Aliyezidiwa hachungulii mtu. Mpe alichotaka, ataendelea. Ubongo wake umefurika kelele, mwanga, mabadiliko ya ghafla au njaa asiyoitambua. Deko linataka msimamo. Kuzidiwa kunataka taa ipunguzwe, watu wapungue, na wewe unyamaze, maana hata neno "pole" wakati huo ni kelele nyingine. Kumchapa aliyezidiwa ni sawa na kumchapa anayetapika.

Mtaalamu afanye au mzazi afundishwe

Mtaalamu humwona mtoto saa moja au mbili kwa wiki. Nyumbani yupo saa zote anazokuwa macho. Hilo peke yake lingetosha kuamua, lakini kuna ushahidi pia. Nchini Uingereza, jaribio liitwalo PACT liliwahusisha watoto 152 wa chini ya miaka mitano. Mzazi alirekodiwa video akicheza na mwanawe, kisha yeye na mtaalamu wakaitazama pamoja: tazama, hapa alikugeukia ukaendelea kuongea, hapa ulingoja, akakujibu. Nyumbani ilikuwa mazoezi ya nusu saa hivi kwa siku. Matokeo ya kwanza, ya mwaka 2010, yalikuwa ya wastani. Watafiti waliporudi karibu miaka sita baada ya tiba kuisha, dalili za watoto hao bado zilikuwa nyepesi kuliko za wenzao wasiopata tiba hiyo. Tiba chache za utotoni zimewahi kuonyesha matokeo ya kudumu hivyo.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, vinavyoendeshwa na watu wasiohitaji kuwa madaktari bingwa. Ukisikia yanafanyika mahali unapoweza kufika, ingia hata kama tayari una mtaalamu.

Naipendelea njia ya mzazi, lakini ina mtego. Mama akigeuzwa mtaalamu wa saa 24 atavunjika, na mtoto atakuwa amempoteza mama. Nusu saa iliyopangwa kwa siku inatosha. Muda mwingine kuwa mzazi tu. Chagua shughuli ambayo ipo hata hivyo. Kuoga kuna maji, kumwaga, kungoja, "tena", "basi". Kwetu bafu lilifanya kazi kuliko vifaa vyote tulivyonunua. Na kama kuna watu wazima wawili nyumbani, wafundishwe wote wawili. Nimeona nyumba nyingi mno ambamo mama anajua kila kitu na baba anajua kulipa tu.

Mdomo, mkono, picha au kishikwambi

Kosa langu la pili ndilo linaloniuma zaidi. Mtaalamu alinipa kadi za picha nami nikazificha kabatini karibu mwaka mzima, nikiogopa kwamba mtoto akizoea picha ulimi utalala. Mambo huenda kinyume. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliwaangalia watu 27 waliofuatiliwa kwa umakini wakitumia njia hizi. Asilimia 89 waliongeza usemi, na hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Mtoto anayeweza kueleweka hupunguza kupiga kelele na hupata sababu ya kuzungumza.

Zikiwekwa pamoja, ziko hivi. Ishara za mikono hazigharimu kitu wala hazisahauliki nyumbani, lakini zinataka vidole vyepesi, na mtu wa nje hazielewi. Kadi za picha hueleweka na kila mtu. Utaratibu maarufu wa kuzifundisha, PECS, ulianzishwa mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, na ubora wake ni kwamba hatua ya kwanza kabisa inamfundisha mtoto kumwendea mtu na kumkabidhi picha, badala ya kunung'unika peke yake kando ya kabati. Udhaifu: kadi hupotea, na kadi 30 haziwezi kusema "jino la kushoto linaniuma". Kishikwambi chenye programu ya kuongea kina maelfu ya maneno na kina sauti, sauti ambayo mtoto mwingine uwanjani ataigeukia. Lakini kinaisha chaji, kinavunjika, na kikiwa ndicho hichohicho cha video, mtoto ataona video tu.

Ningeanza na kadi chache na ishara mbili tatu: "tena", "basi", "nisaidie". Nne, ukiongeza "sitaki". Watu wazima huisahau hiyo kwa urahisi wa ajabu. Kishikwambi kije akianza kukosa kadi za kusemea anayoyataka. Njia yoyote mtakayoishika, nanyi itumieni mnapozungumza naye, kwa kuwa hakuna aliyejifunza lugha ambayo hajaona mtu akiitumia. Wala usimnyang'anye kadi au kishikwambi chake cha kusemea kama adhabu. Umemziba mdomo.

Hofu ya kwamba asiposema kufikia miaka minne hatasema tena imewakatisha wengi tamaa. Utafiti wa mwaka 2013 uliangalia watoto 535 ambao walikuwa hawajaanza kuunga maneno katika umri huo. Asilimia 70 waliunga maneno baadaye. Na nyumba yenye lugha mbili haina haja ya kuacha moja. Mtoto mwenye usonji haharibiwi na lugha mbili, lakini anaumia mama akilazimika kumsemesha kwa lugha asiyoweza kumbembelezea.

Njia moja iachwe kabisa: ile ambayo mtu mzima anaushika mkono wa mtoto ili "aandike". Ilipojaribiwa kwa kumwonyesha mtoto picha moja na msaidizi picha nyingine, maneno yaliyoandikwa yalitaja aliyoiona msaidizi.

Darasa lipi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unatambua elimu jumuishi kuwa haki ya mtoto. Kwenye karatasi basi darasa la kawaida limeshinda. Kwa vitendo, darasa la kawaida lisilo na msaidizi, lisilo na kona tulivu na lenye mwalimu ambaye hajaelezwa chochote ni mahali pa kukaa nyuma na kusahaulika. Shule maalumu ina walimu wanaojua na watoto wachache, lakini wenzake wote wanaweza kuwa wasiosema, na marafiki wa mtaani wanampotea. Kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida ndicho ninachokipenda pale kinapokuwa kitengo kweli, yaani mtoto anaingia madarasa mengine kwa masomo anayoyaweza. Vingine ni chumba cha nyuma chenye kufuli.

Usiulize shule inaitwaje. Uliza mtoto wa hapa akizidiwa anapelekwa wapi na nani. Uliza kama kuna ratiba ya picha ukutani; mbinu hiyo ya kupanga siku kwa macho ilikuzwa na Eric Schopler na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, na mwalimu yeyote anaweza kuichora kwa mkono. Uliza kama mtoto ataruhusiwa kupunga mikono au kuyumbayumba. Ukijibiwa "tutamwachisha", endelea kutafuta.

Dawa, vyakula na wauza matumaini

Hakuna dawa ya usonji wenyewe. Kuna dawa za mambo yanayoandamana nao, na hapo zinaweza kuwa msaada mkubwa. Kifafa huwapata watoto hawa zaidi ya wengine na lazima kitibiwe. Melatonini huwasaidia baadhi yao kulala. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha risperidoni mwaka 2006 na aripiprazoli mwaka 2009 kwa hasira kali na kujiumiza. Zinaweza kuongeza uzito sana, kwa hiyo ni za daktari anayefuatilia, tena baada ya kuhakikisha mtoto hapigi kichwa ukutani kwa sababu ya sikio au tumbo linalomuuma.

Kumwachisha ngano na maziwa kuna ushahidi dhaifu, na mtoto ambaye tayari anakula vitu vitano akinyang'anywa viwili anaweza kudhoofika. Kabla ya kujaribu, onana na mtaalamu wa lishe. Dawa za "kutoa madini mwilini" zimeua: mwaka 2005 mtoto alifariki Pennsylvania akiwa katika tiba hiyo. Kuna wanaouza hata maji ya kupaushia nguo yanywewe. Wapime hivi: anayesema anaponya usonji, kifafa, kisukari na utasa kwa chupa moja, hajui hata kimoja.

Wanaobeba

Mpango wa mtoto usiokuwa na mpango wa wanaomlea haujakamilika. Mambo mawili ya usalama yatangulie mengine yote: mlango na maji. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2012, karibu nusu ya wazazi walisema mtoto wao mwenye usonji aliwahi kutoroka baada ya kufikisha miaka minne, na kuzama majini ni miongoni mwa hatari kubwa kwa watoto hao. Kitasa cha juu na masomo ya kuogelea yanaweza kutangulia tiba yoyote niliyoitaja hapo juu.

Ndugu zake nao wapewe maelezo kwa lugha yao, na muda wao usiokatizwa, hata kama ni robo saa kabla ya kulala. Mdogo wake akizaliwa afuatiliwe mapema, kwa kuwa karibu 1 kati ya 5 wa wadogo hao naye hukutwa na usonji.

Kikundi cha wazazi au mshauri nasaha? Kikundi kitakupa majibu ya saa tisa za usiku: kufuli gani, daktari wa meno yupi asiyemfokea mtoto, namna ya kumnyoa nywele. Kitakupa pia uvumi, kwa hiyo chuja. Mshauri nasaha ni wa yale usiyoweza kuyasema mbele ya wazazi wenzako, kama vile kwamba jana ulitamani kuondoka na usirudi. Usingizi ukikatika wiki kadhaa na hamu ya kila kitu ikaisha, mshauri aje kwanza.

Na ninyi jamaa na majirani, mnaosoma haya kwa sababu ya mtoto wa mtu mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana ushauri hutoka kirahisi. "Ukihitaji chochote niambie" ni msaada mzuri kwa anayeutoa. Mama aliyechoka hana nguvu ya kubuni cha kuomba. "Jumamosi saa nane nakuja kukaa naye hadi saa kumi, nionyeshe kadi zake, wewe ukalale" ni kitu kingine. Dada yangu alisema hivyo mara moja, akaja. Mara ya kwanza mtoto alilia dakika arobaini. Mara ya tatu alimshika mkono akampeleka dirishani, wakafungua na kufunga pazia pamoja.